Sauti Isiyo na Uso: West Side Story kutoka Jukwaani hadi kwenye Santuri

Mchezo wa jukwaani hufa kila usiku pazia lishukapo, na hufufuka kesho yake kwa pumzi za watu wale wale walioucheza jana. Filamu haina kufa wala kufufuka kwa namna hiyo. Kilichopigwa picha mara moja hubaki hivyo hivyo, na watazamaji wa vizazi vitatu huona tabasamu ile ile katika uso ule ule. Santuri nayo huchukua sehemu moja tu ya mchezo, yaani sauti, ikaipeleka katika nyumba zisizopata kuona jukwaa wala sinema. Hadithi moja ikipita katika hali hizi tatu haifiki mwisho kama ilivyoanza. Hubadilika umbo, na katika kubadilika huko wako wapatao na wako wapotezao. West Side Story, mchezo wa nyimbo wa Marekani uliochezwa jukwaani katika mwaka 1957 na kufanywa filamu katika mwaka 1961, ni mfano mkubwa wa jambo hilo. Sifa zake zimeandikwa mara nyingi. Haki za watu walioimba katika filamu yake hazikuandikwa mapema kiasi hicho.

Wazo la mchezo lilianza mwezi wa Januari 1949. Jerome Robbins, stadi wa ngoma na mpangaji wake, alimweleza mtungaji wa muziki Leonard Bernstein kuwa hadithi ya Romeo na Juliet ya Shakespeare ingeweza kuhamishiwa katika mitaa ya New York, na uadui wa zile nyumba mbili za Verona ukawa uadui wa Wakatoliki na Wayahudi. Arthur Laurents alitakiwa aandike maneno ya mchezo. Shauri hilo lililala kwa miaka sita. Katika mwaka 1955 Bernstein na Laurents walikutana Beverly Hills, California, wakati magazeti yalipokuwa yamejaa habari za mapigano ya makundi ya vijana, wakatambua kuwa hadithi yao ilikuwa ikitembea barabarani mbele ya macho yao. Wayahudi na Wakatoliki waliachwa. Mahali pao wakawekwa vijana wazaliwa wa mjini upande mmoja, na vijana waliotoka Puerto Rico upande wa pili. Maneno ya nyimbo alikabidhiwa Stephen Sondheim, kijana wa miaka 25.

Badiliko hilo halikuwa dogo. Watu wa Puerto Rico walikuwa raia wa Marekani kwa sheria tangu mwaka 1917, na baada ya vita vya pili vya dunia walihamia New York kwa wingi, wakitafuta kazi katika viwanda, mahoteli na majumba ya kushonea nguo. Ugeni wao, basi, ulikuwa ugeni wa rangi, lugha na ufukara, wala si ugeni wa uraia. Watungaji wanne wa mchezo walikuwa wana wa jamaa za Kiyahudi, na hapana mmoja miongoni mwao aliyekuwa mtu wa kisiwa kile. Walikuwa na huruma nyingi kuliko maarifa. Tangu siku ya kwanza, basi, mchezo huu ulikuwa na watu wanaosemewa na wengine. Jambo hili lifaa likumbukwe, maana litarudi katika sura nyingine.

West Side Story ulifunguliwa katika jumba la Winter Garden, New York, tarehe 26 Septemba 1957, baada ya kujaribiwa kwanza mjini Washington. Carol Lawrence alikuwa Maria, Larry Kert alikuwa Tony, na Chita Rivera alikuwa Anita. Wachezaji walifanya mazoezi kwa majuma 8, muda mrefu kuliko desturi ya wakati ule. Sababu yake yaonyesha hasa upya wa mchezo wenyewe. Desturi ya michezo ya nyimbo ilikuwa kuweka kundi moja la waimbaji na kundi jingine la wachezaji ngoma, kila kundi likifanya kazi yake. Robbins aliikataa desturi hiyo. Alitaka kijana yule yule aseme, aimbe, aruke na kuanguka, kwa kuwa ghadhabu haigawanyiki katika mwili wa mtu. Aliyekuwa na koo lakini hana miguu hakumfaa, na aliyekuwa na miguu lakini hana koo alifundishwa mpaka akaimba. Kwa hiyo sauti ya jukwaani haikuwa laini daima. Ilitoka katika kifua kinachotweta. Upungufu huo ulikuwa sehemu ya ukweli wake.

Siku tatu baada ya ufunguzi, Jumapili tarehe 29 Septemba, wachezaji wale wale waliitwa katika studio ya kampuni ya santuri ya Columbia, wakaimba nyimbo zote kwa siku moja chini ya usimamizi wa Goddard Lieberson. Santuri hiyo ilikuwa hati ya mchezo. Mnunuzi aliyeiweka juu ya gramafoni yake alisikia watu ambao angeweza kwenda kuwaona usiku ule ule wakiimba. Jina, uso na sauti vilikuwa vya mtu mmoja.

Mchezo ulipendwa, walakini haukupendwa kupita kiasi. Katika mwaka 1958 tuzo kubwa ya Tony ya mchezo wa nyimbo ilichukuliwa na The Music Man, na West Side Story ukapata tuzo ya upangaji wa ngoma na tuzo ya mapambo ya jukwaa. Lililoufanya uwe mali ya dunia ni filamu. Ilisimamiwa na Robert Wise pamoja na Robbins mwenyewe, lakini Robbins aliondolewa kabla kazi haijaisha, kwa kuwa alirudia picha mara nyingi mno na fedha zikazidi kukatika. Sehemu ya picha za mwanzo zilipigwa katika majumba ya Mtaa wa 68, upande wa magharibi wa Manhattan, ambayo yalikuwa yakihamwa ili yabomolewe na mahali pake pajengwe majumba ya sanaa ya Lincoln Center. Maelfu ya jamaa, wengi wao weusi na watu wa Puerto Rico, walipoteza maskani zao katika ujenzi ule. Filamu iliyohusu vijana wanaogombea mtaa ilipigwa picha katika mtaa ambao hapana kijana yeyote angeupata.

Filamu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza New York tarehe 18 Oktoba 1961. Iliposhuka kutoka jukwaani ilikuwa imebadilishwa kwa njia kadha wa kadha. Nyimbo mbili za kundi la wazaliwa wa mjini zilibadilishana nafasi, ili ule wa kuchekesha uje kabla ya mauaji, na ule wa kuzuia hasira uje baadaye. Wimbo wa "America", ambao jukwaani uliimbwa na wanawake peke yao, ulifanywa mabishano baina ya wanawake na wanaume, na maneno yake yakapunguzwa dharau kwa kisiwa na kuongezwa ukali juu ya ubaguzi wa bara. Hilo lilikuwa badiliko jema, nalo lilitokana kwa sehemu na malalamiko yaliyotolewa dhidi ya mchezo wa jukwaani. Wimbo wa "Somewhere", ambao jukwaani uliimbwa na sauti ya msichana asiyeonekana huku wachezaji wakicheza ndoto ya amani, waliimbishwa wapenzi wawili wenyewe, na ngoma ya ndoto ikaachwa. Okestra ya jukwaani, iliyokuwa na wapigaji wapatao 30, ilikuzwa mara kadha kwa ajili ya filamu. Bernstein hakuupenda sana ukubwa huo, maana aliona muziki wake umenenepa ukapoteza wepesi.

Badiliko kubwa kuliko yote halikuonekana kwa macho. Kanuni ya Robbins ya mwili mmoja ilivunjwa. Watengenezaji wa filamu walitaka nyuso zinazojulikana na sauti zisizo na kosa, na vitu hivyo viwili hawakuviona katika mtu mmoja. Maria alikuwa Natalie Wood, mwigizaji maarufu, binti wa wazazi waliotoka Urusi. Sauti ya Maria katika nyimbo ilikuwa ya Marni Nixon, mwimbaji stadi wa California. Tony alikuwa Richard Beymer, na sauti yake ya kuimba ilikuwa ya Jimmy Bryant. Anita alikuwa Rita Moreno, aliyezaliwa Humacao, Puerto Rico, katika mwaka 1931. Wimbo wa "America" aliuimba mwenyewe, lakini katika wimbo mmoja wa majonzi ulioshuka chini mno sauti yake ilibadilishwa na ya Betty Wand. Russ Tamblyn naye, katika wimbo mmoja, aliimbiwa na mwenzake Tucker Smith.

Ufundi wa kazi hii wastahili kuelezwa, maana ndani yake ndimo imo dhuluma. Kwa kawaida wimbo wa filamu huimbwa kwanza katika studio, na siku ya kupiga picha mwigizaji huchezesha midomo yake kuifuata sauti iliyokwisha kuhifadhiwa. Mwimbaji huwa mbele, midomo ikamfuata. Katika West Side Story mambo yalipinduliwa. Natalie Wood aliziimba nyimbo zake mwenyewe, akapigwa picha akiifuata sauti yake, naye aliachwa aamini kuwa sauti hiyo ndiyo itakayosikika. Picha zilipokwisha aliambiwa kuwa sauti yake haitatumika. Nixon akaitwa aimbe upya, lakini sasa midomo ilikuwa imetangulia. Alilazimika kuitazama picha na kuipata kila pumzi, kila kuchelewa na kila kosa la kipimo la mtu mwingine, kisha kuyageuza yote yawe wimbo mzuri. Ilimpasa aimbe kwa ustadi wake na wakati huo huo ajifiche, asikike kama Natalie Wood angalisikika kama angalijaliwa koo la namna ile.

Kazi ya namna hii haikuwa ngeni kwake. Katika mwaka 1956 alikuwa amemwimbia Deborah Kerr katika filamu ya The King and I, iliyotokana pia na mchezo wa jukwaani, na alieleza baadaye kuwa alionywa asitoboe siri, la sivyo hatapata kazi tena katika mji ule. Siri ilitobolewa na Kerr mwenyewe, aliyemtaja na kumshukuru hadharani. Tendo hilo la mwigizaji mmoja laonyesha kuwa kunyamaza hakukuwa lazima ya sanaa, bali ilikuwa hiari ya wenye mali.

Mwishoni mwa West Side Story majina ya watu wa kazi yameandikwa kwa namna isiyosahaulika. Saul Bass aliyachora kana kwamba yamekwaruzwa kwa chaki na rangi juu ya kuta, milango na vibao vya mtaani. Jicho la kamera hupita polepole, na mtazamaji husoma jina la mtungaji, la mpiga picha, la mshonaji mavazi, na la wapangaji wa muziki. Ukuta ulikuwa na nafasi ya kutosha. Majina ya Marni Nixon, Jimmy Bryant na Betty Wand hayakuandikwa.

Yuko awezaye kusema kuwa hapana kosa katika jambo hili. Filamu yote ni hila, atasema. Damu yake ni rangi, usiku wake ni taa, na kisu chake hakichomi. Kwa nini sauti peke yake idaiwe ukweli? Hoja hii ina nguvu, na kwa upande wa sanaa yafaa ikubaliwe. Mtazamaji aliyeguswa na Maria hakudanganywa katika hisia yake, kwa kuwa Maria hakuwa mtu wa kweli hata aibiwe sauti. Lakini aliyetengeneza damu ya rangi alitajwa pamoja na wenzake wa mapambo, na aliyewasha taa alikuwa chini ya bwana ambaye jina lake liliandikwa ukutani. Hila haikuwa dhambi. Dhambi ilikuwa kuchagua mmoja miongoni mwa mafundi wa hila na kumfuta, kwa sababu tu kumtaja kungepunguza thamani ya uso unaouza tikiti.

Tena, santuri iliibatilisha hoja hiyo kabisa. Katika sinema uso wa Natalie Wood ulikuwapo, na mtu angeweza kusema kuwa sauti ni vazi la uso. Katika santuri uso haupo. Mnunuzi hapati chochote ila sauti, na sauti aliyoilipia ilikuwa ya Nixon, ya Bryant na ya wenzao. Santuri ya nyimbo za filamu, iliyotolewa na Columbia, ilishika nafasi ya kwanza katika hesabu ya jarida la Billboard mwezi wa Mei 1962, na jumla ya majuma yake katika nafasi hiyo, miongoni mwa santuri za stirio, yalifika 54. Katika historia ya hesabu ile hapana santuri iliyokaa kileleni majuma mengi kama hayo. Mwezi wa Aprili wa mwaka huo huo filamu ilikuwa imekwisha kupata tuzo 10 za Oscar, mojawapo ikiwa ya muziki, na nyingine ya Rita Moreno kwa uigizaji wake.

Fedha za santuri hutembea kwa njia ya mrabaha. Mtungaji hupata sehemu yake kwa kila nakala iuzwayo, na kampuni hupata yake. Mwimbaji wa siri alilipwa kwa kazi ya siku, kama mwashi alipwavyo akaondoka, na nyumba ikabaki ya mwenye kiwanja. Nixon alidai sehemu ya mapato ya santuri. Watengenezaji walimjibu kuwa mafungu yote yalikuwa yamekwisha kugawanywa. Hapo Bernstein alitoa katika fungu lake mwenyewe robo ya asilimia moja akampa. Kiasi hicho ni kidogo kwa hesabu, lakini maana yake ni kubwa, kwa kuwa mtungaji alikiri kuwa muziki ulioandikwa juu ya karatasi hauuziki mpaka upate koo. Hata hivyo ilikuwa hisani ya mtu mmoja, na hisani si sheria. Aliyekuwa na Bernstein wa kumhurumia alipata robo. Asiyekuwa naye hakuwa na mahali pa kudai.

Wasomaji wa pwani ya Afrika ya Mashariki wana mfano wa jambo hili karibu nao. Filamu za Kihindi, ambazo zilijaza majumba ya sinema ya Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, na ambazo baadhi ya sauti za nyimbo zake ziliingia katika taarabu, zilitumia waimbaji wa pembeni tangu miaka ya 1930. Mwigizaji alichezesha midomo na mwingine akaimba. Lakini India haikuifanya siri hiyo kuwa ya milele. Lata Mangeshkar alilalamika kuwa tuzo za Filmfare hazikuwa na fungu la waimbaji, na katika mwaka 1959 fungu hilo liliwekwa, yeye akawa wa kwanza kulipata kwa wimbo wa filamu ya Madhumati. Tangu hapo mtu aliyekwenda kumtazama mwigizaji alijua pia ni nani anayemwimbia, wala haikumpunguzia raha. Wahenga walisema kuwa mcheza kwao hutunzwa. Lata alicheza kwao akatunzwa. Nixon, mzaliwa wa California, naye alicheza kwao, na waliotunzwa walikuwa wengine.

Usiri huo haukumdhulumu mwimbaji peke yake. Natalie Wood alidanganywa na watu aliowafanyia kazi. Miaka mitatu baadaye, katika filamu ya My Fair Lady ya mwaka 1964, Audrey Hepburn naye alijizoeza na kuimba, kisha sehemu kubwa ya nyimbo zake ikatiwa sauti ya Nixon. Habari zilivuja, na Hepburn hakutajwa hata miongoni mwa walioshindania tuzo ya Oscar ya mwaka ule. Mmoja alinyimwa jina kwa sauti yake, na mwingine akanyimwa heshima kwa kukosa sauti ambayo hakuruhusiwa kuijaribu mbele ya watu.

Hapa ndipo jambo la sauti linapokutana na jambo la kisiwa. Katika filamu ya 1961, kiongozi wa vijana wa Puerto Rico alikuwa George Chakiris, mwana wa Wagiriki, na uso wake pamoja na nyuso za wenzake ulipakwa rangi moja ya hudhurungi. Rita Moreno, mzaliwa halisi wa kisiwa, alipakwa rangi hiyo hiyo, naye alisimulia baadaye jinsi alivyopinga, kwa kuwa watu wake ni wa rangi nyingi. Waimbaji walikuwa sauti zisizo na nyuso, na watu wa Puerto Rico walikuwa watu waliovaliwa nyuso na wengine. Mafungu yote mawili yaliambiwa kuwa wapo ndani ya filamu, na yote mawili yalipojitafuta hayakujiona.

Katika mwaka 2021 Steven Spielberg alitoa filamu mpya ya mchezo huu huu. Vijana wa Puerto Rico waliigizwa na watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, Kihispania kikasemwa bila tafsiri chini ya picha, na waigizaji wakuu wakaimba kwa sauti zao wenyewe. Ariana DeBose alipata Oscar kwa Anita, sehemu ile ile iliyompatia Moreno miaka 60 kabla. Moreno mwenyewe alikuwamo, akiwa mjane mwenye duka, nao wimbo wa "Somewhere" ulitolewa kwa wapenzi ukakabidhiwa yeye. Filamu ilipofunguliwa Marekani tarehe 10 Desemba, ilibaki siku moja atimize miaka 90. Sauti yake ilikuwa imechakaa na pumzi zake zilisikika, wala hapana aliyeitwa kuzisafisha.

Marni Nixon hakuiona filamu hiyo, maana alifariki mwezi wa Julai 2016, akiwa na umri wa miaka 86. Katika maisha yake alipata kuimba mbele ya watu kwa jina lake, na kuandika kitabu cha habari zake. Kwa hiyo hakusahauliwa, na mchunguzi wa leo hupata majina ya waimbaji wote wa filamu ile bila taabu. Lakini kujulikana baada ya miaka mingi si malipo ya kazi iliyofanywa leo. Santuri ile ilikaa majuma 54 katika nafasi ya kwanza, na kwa muda wote huo watu katika nyumba zisizo na idadi walimsikiliza mwanamke mmoja, wakampenda, na wakamtaja kwa jina la mwingine.